Stresi inafanya nini kwenye ubongo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia sana, kwa hiyo yamewekwa sehemu moja. Soma kwa mpangilio wowote unaotaka, ila kama una haraka ruka moja kwa moja hadi lile la ubongo kusinyaa na linalofuata, manake hapo ndo watu wengi wanapotishwa bure.

Kwanza kabisa, stresi ni nini hasa?

Ni ubongo na mwili kujipanga kukabili jambo ambalo ubongo umelipima na kuona linaweza kukuzidi. Jambo lenyewe linaweza kuwa lipo mbele yako kweli, mfano gari linakuja kasi, au likawa ni la kuwaza tu usiku umelala, na mwitikio wa mwili unafanana sana tu.

Aliyeifanya stresi iwe habari ya maabara ni Hans Selye, mwaka 1936, akiwa Montreal, Kanada. Alikuwa anawapa panya vitu tofauti tofauti vya kuwaumiza, akakuta kila mara yale yale yanatokea: tezi za adrenali zinavimba, tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo kifuani, inasinyaa, tumboni vidonda. Yaani chanzo tofauti, mwitikio mmoja. Baadaye ilikuja kuonekana mambo si rahisi kiasi hicho, ila huo ndo ulikuwa mwanzo.

Nikishtuka, ndani ya kichwa kinatokea nini, hatua kwa hatua?

Kuna mawimbi mawili na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza ni la sekunde. Kuna sehemu ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, inaitwa amigdala, kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Ikihisi kitu inaijulisha haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza homoni, nayo inatuma ujumbe kupitia neva hadi kwenye tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, adrenalini inamwagwa kwenye damu na moyo unaanza kudunda, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoa jasho, sukari inapanda kwenye damu ili misuli ipate cha kuchoma. Walter Cannon wa Harvard alishaeleza hili tangu 1915, kwamba mnyama anaandaliwa kupigana au kukimbia. Kumbuka adrenalini yenyewe haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo, ubongo una ya kwake ya jamii hiyo, noradrenalini, inayotoka kwenye kijisehemu kidogo sana cha shina la ubongo, na hiyo ndo inakufanya uwe macho makavu, unasikia kila sauti.

Wimbi la pili linaenda taratibu. Haipothalamasi inatoa homoni yake, inaigusa tezi ya pituitari chini ya ubongo, pituitari inatoa homoni nyingine inayosafiri kwenye damu hadi adrenali, na adrenali sasa zinatoa kotisoli. Hii inafika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu jambo lianze, ndo maana unaweza ukawa umeshatoka kwenye ugomvi, umeshakaa chini, na bado mwili hautulii. Kotisoli tofauti na adrenalini inapenya hadi kwenye ubongo bila shida, na ikifika kule inafanya kitu kizuri: inaiambia haipothalamasi na hipokampasi, ile sehemu ya kumbukumbu, kwamba inatosha, fungeni. Kwa hiyo homoni ile ile inayoendeleza stresi ndo inayoizima. Ukielewa hapo umeelewa nusu ya ukurasa huu, manake karibu kila tatizo linalofuata linatokea pale ambapo huko kuzima kunashindikana.

Kwa hiyo kotisoli ni sumu?

Hapana, na hii inachosha kuirudia kila siku. Bila kotisoli ungekufa, kuna ugonjwa kabisa wa kukosa kotisoli, unaitwa Addison, na usipotibiwa unaua. Kila asubuhi kotisoli yako inapanda, inafika juu kama nusu saa au dakika 45 baada ya kuamka, ndo inakusaidia kutoka kitandani, halafu inashuka mchana kutwa hadi inakuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Hiyo ni afya. Shida inaanza pale mstari huo unaponyooka, yaani usiku ipo juu wakati ilitakiwa ilale, au ikipanda haishuki.

Ifikirie kama mkopo. Kotisoli inakupa leo nguvu ya kesho, inasimamisha kwa muda mambo yasiyo ya haraka, umeng'enyaji wa chakula, ukuaji, uzazi, ukarabati wa seli. Ukikopa mara moja ukalipa hamna neno. Ukikopa kila siku bila kulipa, riba inaanza kula mtaji. Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller pamoja na mwenzake Stellar walilipa jina deni hilo mwaka 1993, kwa Kiswahili tunaweza kusema ni mzigo wa kujirekebisha kila mara.

Kwa nini kwenye mtihani nasahau kitu nilichokisoma jana, lakini siku niliyopata ajali naikumbuka kama sinema?

Swali zuri kuliko yote hapa. Kuingiza kumbukumbu na kuitoa ni kazi mbili tofauti na stresi inazigusa kwa namna mbili tofauti.

Jambo likikushtua wakati linatokea, noradrenalini na kotisoli zikiwa pamoja zinaifanya amigdala iisukume hipokampasi iandike kwa nguvu. James McGaugh, mtafiti wa kumbukumbu, alitumia miaka mingi kuonesha hilo. Ndo maana ajali inabaki. Ila hata hapo usidanganyike, unakumbuka sana kile kilichokuwa katikati, ile taa, ule mlio, vitu vya pembeni vinapotea na watu wawili waliokuwa pamoja wanaweza kusimulia tofauti kabisa na kila mmoja anaapa.

Kutoa ndo kesi nyingine. Kotisoli ikiwa juu wakati unatafuta kitu ulichokihifadhi zamani, upatikanaji wake unapungua, hii imejaribiwa kwa panya na kwa watu. Zaidi ya hapo kuna gamba la mbele, ile sehemu nyuma ya paji la uso inayoshika mawazo mawili matatu kwa wakati mmoja, inayopanga, inayokuzuia usiropoke. Amy Arnsten wa Yale ameifanyia kazi sana hii sehemu, na anachoonesha ni kwamba gamba la mbele linapenda kemikali zake kwa kipimo cha katikati, zikizidi mitandao yake inazimika kwa dakika kadhaa na sehemu za zamani za ubongo zinashika usukani. Kwa hiyo jibu halijafutika, ukitoka nje ya chumba cha mtihani ukapoa linarudi lenyewe, na hasira unapata juu yake.

Watafiti Yerkes na Dodson waliligusa hili mwaka 1908 kwa panya: msukumo ukiwa mdogo mno hujifunzi vizuri, ukizidi hujifunzi vizuri, na kazi ikiwa ngumu kiwango kinachofaa kinashuka. Wanaosema "mimi nafanya vizuri nikiwa na presha" mara nyingi wanasema kweli, kwa kazi waliyoizoea. Kwa kitu kipya cha kufikiria, sidhani.

Ni kweli stresi inasinyaza ubongo?

Kuna ukweli ndani yake na kuna chumvi nyingi.

Ukweli ni huu. Mwaka 1968 McEwen na wenzake waliona kwamba hipokampasi ya panya imejaa vipokezi vya homoni ya stresi, kitu ambacho hakikutegemewa, manake hipokampasi inajulikana kwa kumbukumbu. Baadaye ikaonekana panya akiwekwa kwenye stresi kila siku kwa wiki kadhaa, matawi ya seli za neva kwenye hipokampasi yanafupika, na kwenye gamba la mbele pia. Angalia vizuri, matawi yanafupika, si kwamba seli zinakufa kwa mafungu. Na kwenye amigdala kinatokea kinyume, matawi yanarefuka, yaani sehemu ya kunusa hatari inanenepa huku sehemu ya kuituliza inakonda. Ndo maana mtu aliyekaa kwenye stresi muda mrefu anashtuka hata mlango ukigongwa.

Kwa binadamu, mwaka 1998 Sonia Lupien na wenzake walifuatilia wazee kwa miaka, wale ambao kotisoli yao ilikuwa juu na inazidi kupanda walikuwa na hipokampasi ndogo kwa 14% kuliko wenzao ambao yao haikupanda, na kwenye majaribio ya kumbukumbu walikuwa nyuma. Pia kuna wagonjwa wa Cushing, ambao mwili unatengeneza kotisoli kupita kiasi, hao nao hipokampasi inapungua, na wakitibiwa inarudi kwa kiasi. Hiyo ya Cushing kwangu ndo ushahidi mzito zaidi, manake hapo unajua kabisa kwamba kotisoli ndo imeanza.

Sasa chumvi. Utafiti mmoja wa 2002 uliangalia wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam na pacha zao wanaofanana ambao hawakwenda vitani. Wenye majeraha mazito ya akili walikuwa na hipokampasi ndogo, sawa, lakini pacha zao waliobaki nyumbani nao walikuwa nayo ndogo! Maana yake kwa baadhi ya watu udogo ulikuwepo kabla, na labda ndo uliowafanya wawe rahisi kuumia. Kwa hiyo ukiona picha ya ubongo mmoja mkubwa na mwingine mdogo zimewekwa pamoja na maneno "hii ni kazi ya stresi", usikimbilie kuamini. Na wiki moja mbaya kazini haipunguzi ubongo wako kwa kiasi ambacho wewe utakigundua.

Ukishaharibika unarudi?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, hasa ukiwa kijana. Panya wadogo wakipumzishwa wiki chache matawi ya gamba la mbele yanaota tena. Kwa watu kuna kazi nzuri ya 2009, Liston na wenzake waliwachukua wanafunzi wa udaktari waliokuwa wanajiandaa na mtihani mkubwa, baada ya mwezi wa kubanwa walikuwa wazito kuhamisha umakini kutoka jambo moja kwenda jingine na mawasiliano ya gamba la mbele na sehemu nyingine yamelegea. Wakapimwa tena baada ya mwezi wa kupumzika, wamerudi sawa na wenzao ambao hawakubanwa.

Halafu kuna mazoezi. Mwaka 2011 wazee 120 waligawanywa, nusu wakatembea kwa mwendo wa kasi mara tatu kwa wiki, wakafika dakika 40 kila mara, nusu nyingine wakafanya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka hipokampasi ya watembeaji ilikuwa imekua kwa karibu 2%, ya wenzao imepungua. Kutembea tu, hamna gym hapo.

Ila amigdala inachelewa. Kwa panya, yale matawi yaliyorefuka hayarudi haraka kama ya hipokampasi, na nadhani hili linaeleza kwa nini mtu anaweza kutoka kwenye hali mbaya, maisha yakanyooka, kumbukumbu ikarudi, na bado anaishi na wasiwasi miezi mingi mbele.

Kwa nini nikiwa na stresi narudia tabia nilizoziacha?

Kwa sababu ubongo una njia mbili za kuamua, moja ya kufikiria lengo na nyingine ya mazoea, na stresi ya muda mrefu inahamishia kazi kwenye ya mazoea. Panya waliostresiwa waliendelea kubonyeza kitufe cha chakula hata wakiwa wameshiba, wenzao wakaacha. Sigara, kuskroli simu mpaka saa nane usiku, kula bila njaa, yote yapo hapo. Si kwamba we ni dhaifu, ni kwamba uliyetegemea akuzuie, gamba la mbele, yupo likizo.

Usingizi unaingiaje hapa?

Unaingia kotekote. Stresi inakunyima usingizi, kukosa usingizi kunapandisha kotisoli jioni ya kesho yake, na mzunguko unajifunga. Kuna jaribio la 2007 watu waliokesha usiku mzima walioneshwa picha mbaya, amigdala zao ziliwaka kwa 60% zaidi kuliko za waliolala, na mawasiliano na gamba la mbele yalikuwa yamepungua. Kama una nguvu ya kurekebisha jambo moja tu kwenye maisha yako sasa hivi, mi ningesema anza na hili kabla ya app yoyote ya kutuliza akili.

Mbona jambo hilo hilo linamvuruga mmoja na mwingine hata hajali?

Kurithi kupo, utoto upo, lakini kitu kikubwa ambacho watu hawakipi uzito ni kama una usemi juu ya jambo lenyewe. Jay Weiss aliwaweka panya wawili wawili, wote wanapigwa shoti ile ile ya umeme kwa wakati mmoja, ila mmoja ana gurudumu akilizungusha shoti inakatika kwa wote. Maumivu sawa kabisa. Aliyekuwa na gurudumu alipata vidonda vya tumbo vichache zaidi.

Kwa watu, watafiti wawili, Dickerson na Kemeny, walikusanya tafiti 208 mwaka 2004 kuona nini hasa kinapandisha kotisoli maabara. Vilivyoongoza ni vitu viwili vikiwa pamoja: kutokuwa na udhibiti, na kuhukumiwa na watu wengine wanaokuangalia. Hesabu ngumu peke yake haifanyi kitu kikubwa, hesabu ngumu mbele ya watu watatu waliokukunjia sura ndo inakupandisha. Na watumishi wa serikali ya Uingereza waliofuatiliwa na Michael Marmot walionesha kitu cha jamii hiyo hiyo, waliokuwa chini kwenye ngazi, wenye usemi mdogo kwenye kazi zao, waliugua zaidi moyo kuliko mabosi, ingawa mabosi ndo wanaojisifia stresi kila kikao. Robert Sapolsky naye alikaa miaka na nyani pori wa Kenya akipima damu zao, na katika kundi lililotulia wa vyeo vya chini mara nyingi walikuwa na homoni za stresi juu zaidi, ila cheo hakikuwa kila kitu, mwenye marafiki wa kuchambuana manyoya alikuwa na nafuu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "acha kuwaza, jifunze kupumua" wakati tatizo ni kwamba huna sauti yoyote kazini au nyumbani kwako, ana haki ya kusema ila amejibu nusu ya swali.

Watoto wadogo wanaathirika?

Zaidi ya watu wazima, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa. Mfano mzito ni watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya yatima Bucharest, Romania, ambako walilishwa lakini hawakuwa na mtu wao. Nusu walihamishiwa kwa familia za kulea. Waliohamishwa walifanya vizuri zaidi kiakili, na waliotoka kabla ya takriban miaka miwili walifaidika zaidi. Stresi za kawaida za mtoto, kushindwa mchezo, siku ya kwanza shule, hazina shida akiwa na mtu mzima mmoja anayeaminika karibu. Inayoumiza ni ile isiyo na wa kuipooza.

Na vidonda vya tumbo?

Hili si la ubongo ila linaulizwa kila mara. Vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori, Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel ya 2005 kwa hilo, au na dawa za maumivu. Stresi inaweza kuongezea, lakini nenda kapimwe, usijiambie ni mawazo tu.

Stresi inaweza kuleta sonona au kupoteza kumbukumbu uzeeni?

Sonona, ndiyo, mara nyingi inatanguliwa na tukio zito au stresi ndefu, lakini si kila mwenye stresi anafika huko. Kwa upande wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, stresi ya muda mrefu inahusishwa na hatari kuongezeka, ila kusema inasababisha moja kwa moja ni kuruka hatua. Presha ya damu ni njia moja wapo, na hiyo inapimika na inatibika, kwa hiyo ipime.

Kuchoka na kazi mpaka kukauka (burnout), WHO tangu 2019 inasema ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Haimaanishi ni uongo, inamaanisha dawa yake haipo kwako peke yako.

Nifanye nini sasa hivi, dakika hii?

Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Ukitoa pumzi neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, inaupunguza moyo kasi, ni mambo ya mwili tu hamna uchawi, dakika tano zinatosha kuhisi tofauti. Halafu tembea, ile sukari iliyopandishwa ilikuwa ya misuli, itumie. Kama kuna uamuzi mkubwa mbele yako, kujibu meseji ya hasira, kuacha kazi, subiri angalau saa moja. Andika jambo linalokusumbua kisha andika hatua moja ndogo iliyo mikononi mwako, hata ikiwa ya kijinga, kumbuka yule panya mwenye gurudumu. Na zungumza na mtu ana kwa ana kama yupo.

Pombe inatuliza kwa saa chache, halafu inakata usingizi katikati na asubuhi wasiwasi unakuwa mkubwa kuliko wa jana.

Vipi vile vidonge na vinywaji vya "kushusha kotisoli"?

Okoa hela yako. Kipimo kimoja cha kotisoli ulichojipimia nyumbani saa tano asubuhi hakisemi mengi, inapanda na kushuka siku nzima, na wanaokuuzia kipimo mara nyingi ndo hao hao wanaouza kidonge. Kama una dalili za kweli za homoni kuvurugika, mfano uso kuvimba duara, michirizi ya zambarau tumboni, misuli ya mapaja kuisha nguvu, hiyo ni kazi ya daktari wa homoni na vipimo vyake vina utaratibu. Na kama unatumia dawa za steroidi, ambazo ni jamii ya kotisoli, kwa pumu au ugonjwa mwingine usiziache ghafla kwa kuogopa kotisoli, adrenali zako zinaweza kuwa zimelala na kuziacha hivyo ni hatari.

Nimuone mtaalamu lini?

Kama wiki mbili zimepita na usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi bado umevurugika. Kama unapaniki bila sababu, au tukio la zamani linakurudia kana kwamba linatokea sasa. Kifua kikibana, mdomo ukienda upande au mkono ukifa ganzi ghafla, nenda hospitali sasa hivi, hiyo usiiite stresi mpaka daktari aseme. Na ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri wiki mbili wala siku mbili, mwambie mtu aliye karibu nawe leo, na mwende pamoja kwenye kituo cha afya chochote kilicho wazi.